Matairi ya Trekta la Shamba: Radiali au Mshazari, Meno Marefu au Mafupi?

Mtu anayenunua trekta huuliza kwanza nguvu za injini, kisha umri wake, kisha upatikanaji wa vipuri. Matairi huyatazama mwisho, na mara nyingi anachotazama ni kama yamekuwa vipara au bado. Ilhali nguvu zote za injini, ziwe za farasi 40 au 140, hupita katika vipande vichache vya mpira vinavyogusa ardhi, na vipande hivyo ndivyo vinavyoamua ni kiasi gani cha nguvu kitafika kwenye plau na ni kiasi gani kitaishia kuchimba mashimo na kuchoma mafuta bure. Matrekta ya mwanzo yalikwenda kwa magurudumu ya chuma yenye miiba. Ni mwaka 1932 ambapo kampuni ya Allis-Chalmers ya Marekani ilianza kuuza trekta lake la Model U likiwa na matairi ya upepo. Tangu wakati huo aina zimeongezeka kiasi kwamba mkulima anaweza kukuta matairi manne yanayoingia kwenye rimu ileile, yote yakiwa mazuri, na matatu kati yake yakiwa hayafai kwa kazi yake.

Kabla ya kulinganisha chochote, inafaa kujua mambo matatu kuhusu trekta lenyewe: saa zake nyingi hutumika kwenye udongo wa namna gani, kila ekseli hubeba uzito kiasi gani wakati wa kazi, na trekta hutembea barabarani kwa muda gani na kwa mwendo gani. Asiyekuwa na majibu hayo atauziwa tairi lililopo stoo.

Radiali na mshazari

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, katika bei na katika kazi. Ndani ya mpira wa tairi kuna tabaka za nyuzi zinazolibebea umbo lake. Katika tairi la mshazari, ambalo ndilo la zamani zaidi, nyuzi hupita kwa kuinama kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, tabaka moja ikielekea upande huu na inayofuata ikiikata, hivyo ubavu na uso wa tairi huwa kitu kimoja kigumu. Katika tairi la radiali nyuzi hupita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, zikiukata mzunguko wa tairi kwa pembe ya digrii 90, na chini ya meno huongezwa mikanda inayouzuia uso usijikunje. Kwa sababu hiyo ubavu wa radiali unaweza kunyumbuka bila kuuvuruga uso, wakati katika tairi la mshazari ubavu ukikunjika uso nao hufuata.

Faida ya mnyumbuko huo ni urefu wa alama ambayo tairi huiacha chini. Liendeshe trekta lenye radiali zenye upepo sahihi kwenye ardhi iliyolainika kidogo, kisha ushuke utazame nyuma yake: alama ni ndefu, na meno yameingia kwa kina kinacholingana kutoka katikati hadi pembeni. Alama ya tairi la mshazari la ukubwa uleule huwa fupi zaidi, na kama limejazwa upepo mwingi, katikati patakuwa pamezama huku ncha za nje za meno zikiwa zimeparuza tu. Alama ndefu maana yake ni meno mengi zaidi yanayoshika kwa wakati mmoja na uzito uleule uliotawanywa kwenye eneo kubwa zaidi, hivyo tairi huteleza kidogo, udongo wa juu haushindiliwi sana, na kazi ileile humalizika kwa mafuta pungufu. Barabarani nako radiali hupata joto kidogo na huisha polepole, na dereva hurudi nyumbani mgongo ukiwa na nafuu.

Tairi la mshazari nalo lina mahali pake, na si sahihi kulidharau kwa kuwa ni la teknolojia ya zamani. Ubavu wake mgumu hustahimili visiki, mawe na mabaki ya miti kwenye shamba jipya lililofyekwa karibuni, mahali ambapo ubavu mwembamba wa radiali unaweza kuchanwa na usitengenezeke tena, maana nyuzi za ubavu wa radiali zikikatika kuzirudisha ni kazi ngumu na mara nyingi haishauriwi. Kwenye miteremko, tairi la mshazari haliyumbi ubavuni kama radiali, na dereva hulihisi trekta limetulia. Trekta linalofanya kazi na beleshi la mbele, linaloinua mizigo mizito na kugeuka papo hapo, nalo hufaidika na ugumu huo. Zaidi ya yote, bei yake ni ya chini, na mafundi wengi wa pancha wamelizoea.

Kwa hiyo kipimo changu ni saa za kazi. Trekta dogo linalolima msimu mmoja, likapiga haro, kisha likakaa kivulini miezi kadhaa, halitarudisha tofauti ya bei ya radiali kwa mafuta litakayookoa. Matairi yake yatazeeka na kupasuka kwa jua kabla meno hayajaisha. Trekta linalofanya kazi takriban kila wiki, hasa la farasi 80 kwenda juu na linalovuta plau au jembe la kupasua udongo wa chini, hurudisha tofauti hiyo, na kadiri bei ya mafuta inavyopanda ndivyo linavyoirudisha mapema. Katikati ya hayo mawili kuna matrekta mengi, na kwa hayo ningeuliza swali lingine: je, mwenye trekta yuko tayari kununua geji ya upepo na kuitumia?

Swali hilo lina sababu. Radiali yenye upepo sahihi huvimba ubavuni pale inapogusa ardhi, kiasi kwamba asiyeizoea hudhani ina pancha. Anachofanya ni kuongeza upepo mpaka uvimbe uishe, na tairi likisimama wima namna hiyo alama yake hufupika, meno ya katikati huisha kabla ya ya pembeni, na mwenye trekta anakuwa amelipa bei ya radiali kupata kazi ya tairi la mshazari. Ninashawishika kwamba radiali nyingi zinazolaumiwa kuwa hazina tofauti zimelaumiwa kwa kosa hili. Asiyekuwa tayari kupima upepo anunue tairi la mshazari na pesa inayobaki aipeleke kwenye plau.

Kwa matrekta makubwa kuna daraja la juu zaidi la radiali, lenye alama za IF na VF ubavuni. Tairi la IF hubeba uzito unaozidi wa radiali ya kawaida kwa asilimia 20 kwa upepo uleule, au uzito uleule kwa upepo pungufu kwa asilimia 20. La VF hufikia asilimia 40. Ni teknolojia nzuri kwa mashine nzito zinazoogopewa kushindilia udongo, lakini baadhi ya matairi hayo huhitaji rimu pana kuliko iliyopo, na gharama ya rimu isiposemwa mapema hugeuza hesabu nzima. Kwa trekta la ukubwa wa kati silioni kuwa la lazima.

Jambo moja halina mjadala: ekseli moja isifungwe radiali upande huu na mshazari upande wa pili. Matairi hayo hunyumbuka tofauti na kuteleza tofauti, trekta litavuta upande, na difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya ekseli, itakuwa ikifanya kazi isiyo yake kutwa nzima.

Meno

Aina za meno hutambulishwa kwa herufi na namba zilizoandikwa ubavuni, na zilizo muhimu kwa magurudumu ya nyuma ni R-1, R-1W, R-2, R-3 na R-4. R-1 ndiyo ya kawaida: meno yaliyoinama, yaliyopangwa kwa umbo la mshale, kwa ajili ya udongo mkavu au wenye unyevu wa wastani. R-1W ina mpangilio huohuo lakini meno yake huwa marefu zaidi kwa asilimia 20 hadi 25 hivi, na imekusudiwa udongo unaonata. R-2 ina meno yanayokaribia kuwa marefu mara mbili ya R-1, yakiwa yameachana sana, na kazi yake ni majaruba ya mpunga, mashamba ya miwa yenye tope na mahali pengine ambapo maji husimama. R-3 ina meno mafupi na mengi kwa ajili ya viwanja vya nyasi, na mkulima wa kawaida anaweza kuisahau. R-4 ina meno mapana na mafupi kuliko ya R-1 pamoja na ubavu wenye nguvu, na hufungwa kwenye matrekta ya ujenzi na yale yenye beleshi.

Wanunuzi wengi huvutwa na meno marefu, kwa kudhani kuwa marefu zaidi ni bora zaidi. Kwenye tope wazo hilo ni la kweli. Jino la R-2 hupenya tabaka laini likafika kwenye udongo mgumu chini yake, na nafasi pana kati ya meno huliruhusu tope litoke. Tairi la R-1 mahali hapohapo hujaa tope mpaka likawa gurudumu laini lisiloshika kitu. Lakini ardhi ikikauka na kuwa ngumu, jino refu haliingii, trekta husimama juu ya ncha za meno, eneo linalogusa chini hupungua na dereva hutetemeshwa. Kwenye lami hali ni mbaya zaidi, kwa sababu meno marefu hujipinda kila yanapogusa barabara, hupata joto na kusagika haraka. Mwenye trekta linalolima mpunga wiki chache kisha likavuta tela la mazao barabarani miezi iliyobaki, akifunga R-2, atakuwa ametatua shida ya wiki chache kwa gharama ya mwaka mzima. Kwake ningechagua R-1W, na kwa wiki zile za tope ningetafuta magurudumu ya chuma ya vizimba, ambayo hutumika jarubani na kuondolewa kazi ikiisha.

Kati ya R-1 na R-1W, tofauti ya bei huwa ndogo ikilinganishwa na ile ya radiali na mshazari, na kwa shamba lenye udongo wa mfinyanzi ningelipa tofauti hiyo bila kusita. Kwa udongo wa kichanga, ambao hata hivyo haushikiki kwa urefu wa jino, R-1 inatosha, na ningeitumia pesa kuongeza upana. Trekta ambalo nusu ya saa zake zipo barabarani linahitaji R-1 ambayo meno yake yanakaribiana au kupishana katikati ya uso, ili lami ipate mpira wa kukanyaga mfululizo. Tairi ambalo meno yake yameachana katikati hutoa mtikisiko unaosikika hadi kwenye usukani. R-4 kwa kulima siipendekezi, ila kwa trekta ambalo kulima ni kazi yake ya kando na beleshi ndiyo kazi yake kuu.

Meno haya yana upande wa kuelekea. Ncha za katikati zinatakiwa kugusa ardhi kwanza, kisha jino lifuate hadi nje, ili tope lisukumwe pembeni. Watengenezaji huweka mshale ubavuni, na bado si ajabu kuona trekta ambalo tairi moja limefungwa kinyume na dereva wake akalalamika kwamba upande huo hujaa udongo.

Magurudumu ya mbele

Kwa trekta linalovutwa na magurudumu ya nyuma pekee, tairi la mbele halina kazi ya kuvuta. Kazi yake ni kubeba na kuongoza. Ndiyo maana hutumia tairi la F-2, lenye mistari iliyoinuka inayozunguka uso mzima, kwa kawaida mitatu, ambayo huingia udongoni na kulizuia gurudumu lisiteleze kando wakati wa kukata kona. Mstari huo wa katikati ukiisha, usukani huwa mwepesi kwa namna ya kutisha kwenye udongo laini: unageuza, na trekta linaendelea mbele.

Kwa trekta linaloendeshwa kwa magurudumu manne mambo ni magumu zaidi, na hapa ndipo makosa ya gharama kubwa hufanyika. Magurudumu ya mbele ni madogo na ya nyuma ni makubwa, lakini yameunganishwa kwa gia zenye uwiano usiobadilika. Watengenezaji hupanga uwiano huo ili magurudumu ya mbele yatangulie kidogo, kwa kawaida kati ya asilimia 1 na 5, hivyo yanalivuta trekta badala ya kusukumwa nalo. Mkulima akibadilisha matairi ya nyuma kwa ukubwa mwingine na kuacha ya mbele kama yalivyo, uwiano huvurugika. Ya mbele yakitangulia kupita kiasi, meno yake husagika haraka na gia hubeba mzigo usiokuwa na faida. Yakibaki nyuma ya mwendo, yanageuka kuwa breki. Kabla ya kubadilisha ukubwa, umbali ambao kila tairi husafiri kwa mzunguko mmoja, unaopatikana kwenye jedwali la mtengenezaji, ulinganishwe na wa tairi linaloondolewa, na kama tofauti ni kubwa, yabadilishwe yote manne au wazo liachwe. Jozi mpya nyuma pamoja na vipara mbele nayo huvuruga uwiano, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi.

Maandishi ya ubavuni

Tairi lililoandikwa 18.4-34 lina upana wa inchi 18.4 na linaingia rimu ya inchi 34. Kistari kinaonyesha kuwa ni la mshazari. Likiandikwa 18.4R34 ni la radiali. Kwa vipimo vya milimita tairi hilohilo huandikwa 460/85R34, yaani upana wa milimita 460 na kimo cha ubavu ambacho ni asilimia 85 ya upana huo. Namba ya katikati ndiyo inayowapotosha wengi. Mtu anaweza kuletewa tairi la 480/70R34 na kuambiwa ni kubwa zaidi kwa kuwa 480 inazidi 460, lakini hesabu inasema vingine: asilimia 85 ya 460 ni milimita 391, na asilimia 70 ya 480 ni milimita 336, hivyo tairi la pili ni fupi kwa sentimita 11 hivi kutoka ardhini hadi juu. Trekta litakwenda polepole zaidi kwa gia ileile, litainama nyuma, na kama lina magurudumu manne yanayovuta, yale ya mbele yatabaki na uwiano mbaya.

Baada ya ukubwa hufuata namba ya uwezo wa kubeba na alama ya mwendo. Namba 130 ni kilo 1,900 kwa tairi moja, 140 ni kilo 2,500, na 150 ni kilo 3,350. Alama A8 inamaanisha uwezo huo ni kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, B ni kilomita 50, na D ni kilomita 65. Matairi ya mshazari mengi huonyesha nguvu yake kwa idadi ya tabaka, kama 6, 8, 10 au 12, na idadi hiyo ni kipimo cha nguvu tu. Haimaanishi kuwa ukilipasua tairi utazikuta tabaka zote hizo. Kati ya matairi mawili ya ukubwa mmoja, lenye tabaka 12 hubeba zaidi ya lenye 8 likipewa upepo zaidi, na ubavu wake huwa mgumu zaidi. Kwa anayevuta tela zito la magurudumu mawili, ambalo sehemu ya mzigo wake hukaa juu ya trekta, hilo lenye tabaka nyingi ni chaguo zuri. Kwa anayelima tu, ugumu wa ziada haumsaidii.

Ili namba hizo ziwe na maana, uzito wa trekta ujulikane kwa mizani, ekseli moja moja, likiwa limeinua jembe lake. Ekseli ya nyuma hubeba mzigo wake mkubwa pale plau inaponing'inia hewani, na wakati huo ya mbele huwa nyepesi kuliko inavyodhaniwa.

Upana

Tairi pana hutawanya uzito na halizami upesi, na kwa kuliangalia haraka mtu angesema achague pana kila mara. Shamba lenye mistari hukataa. Mahindi yaliyopandwa kwa mistari ya sentimita 75, yakipitiwa na tairi la sentimita 38 katikati ya mistari miwili, yanabakiwa na sentimita 18.5 kila upande. Tairi la sentimita 60 halibakishi nafasi ya dereva kukosea. Kwa hiyo trekta la palizi na la kupulizia dawa huhitaji tairi jembamba na refu, ambalo hupata eneo lake la kushika kutokana na urefu wa alama. Kulima nako kuna kikwazo ambacho hakisemwi dukani: kwa plau ya kawaida, gurudumu moja hutembea ndani ya mfereji, na mfereji wa sentimita 35 haulitoshi tairi la sentimita 46, hivyo tairi hupanda juu ya udongo uliokwisha kupinduliwa na kuushindilia tena. Anayetumia jembe linaloruhusu magurudumu yote kubaki juu ya ardhi isiyolimwa hana shida hiyo.

Inafaa pia kutolitarajia tairi pana lifanye yasiyo yake. Upepo mdogo na tairi pana huulinda udongo wa juu, lakini kushindiliwa kwa udongo wa chini kabisa hutokana zaidi na uzito wote wa ekseli, na trekta zito mno litaufikia hata likivishwa matairi ya aina gani.

Upepo, maji na vyuma

Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, kwa geji inayosoma vizuri viwango vya chini. Bar 1 ni takriban paundi 14.5 kwa inchi ya mraba, na radiali shambani mara nyingi hufanya kazi kati ya bar 0.8 na 1.6 kulingana na mzigo. Geji ya lori, ambayo alama zake zimebanana huko chini, haiwezi kutofautisha viwango hivyo. Kiwango sahihi kipo kwenye jedwali la mtengenezaji, kwa uzito uliopimwa na kwa mwendo uliokusudiwa, na cha barabarani ni cha juu kuliko cha shambani. Anayetumia kiwango kimoja kwa vyote viwili achukue kile cha barabarani, akijua kwamba shambani atapoteza kidogo.

Uzito wa ziada ndio unaokamilisha chaguo. Maji ndani ya tairi ni rahisi, na kwa kawaida hujazwa hadi usawa wa valvu ikiwa juu, ambayo ni karibu asilimia 75 ya nafasi ya ndani. Kwa tairi la mshazari linalovuta kazi nzito msimu mzima, maji yanatosha. Kwa radiali ningechagua vyuma vya uzito vinavyofungwa kwenye gurudumu, kwa kuwa maji mengi huuondolea ubavu ule mnyumbuko uliolipiwa, na vyuma huvuliwa wakati wa kazi nyepesi huku maji yakibebwa kila siku. Mahali penye baridi ya kugandisha maji huchanganywa na chumvi ya kalisi, na hiyo hula rimu ikivuja.

Kiasi cha uzito hujulikana kwa jaribio la nusu saa. Weka alama ya chaki ubavuni mwa tairi la nyuma, shusha jembe na ulime kwa kina cha kawaida, na mtu anayetembea kando ahesabu mizunguko 10 kamili ya tairi huku akipiga kigingi mwanzo na mwisho. Kisha inua jembe, upite umbali uleule kati ya vigingi kwa gia ileile, na uhesabu tena. Ikiwa safari ya pili imechukua mizunguko 8 na nusu, tairi lilikuwa likiteleza kwa asilimia 15. Kati ya asilimia 8 na 15 trekta lipo pazuri, upande wa chini ukiwa wa ardhi ngumu na wa juu ukiwa wa ardhi iliyolimwa. Zaidi ya hapo linahitaji uzito, au upepo upunguzwe, au meno yamekwisha. Ikiwa karibu halitelezi kabisa, limebebeshwa vyuma visivyohitajika, na mzigo huo hubebwa na gia na kulipwa kwa mafuta.

Jipya, kuukuu, au lililovishwa upya

Tairi kuukuu la radiali lenye meno nusu linaweza kuwa biashara nzuri kuliko jipya la mshazari, mradi umri wake ujulikane. Mwisho wa mfululizo wa alama unaoanza na herufi DOT, pale zilipo, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ambalo limekaa juani miaka mingi linaweza kuwa na meno yote na mpira usiokuwa na uhai. Pinda ubavu kwa kidole karibu na rimu na uangalie kama mipasuko midogo inafunguka, kisha pitisha mkono kwa ndani ukitafuta uvimbe au viraka. Kiraka cha ubavuni kwenye radiali kinatosha kunifanya niondoke. Lililovishwa uso mpya linafaa kwa kazi ya shambani ya mwendo mdogo iwapo nyuzi zake ni nzima, na kwa tela la barabarani ningeliepuka.

Wakati wa kufunga, ukingo wa tairi usilazimishwe kukaa kwenye rimu kwa upepo unaozidi bar 2.5. Ukikataa, upepo utolewe wote, ukingo upakwe sabuni ya kufungia matairi, na kazi ianzwe upya. Fundi anayeendelea kujaza huku akigonga kwa nyundo asimamishwe hapohapo, na kila aliye karibu asogee mbali na ubavu wa tairi hilo.